Vali, Transista na Kutegemeka kwa Redio ya Nyumbani: Umatengo na Ufuko wa Ziwa Nyasa Tangu Miaka ya 1950

Ikisiri

Insha hii inachunguza kutegemeka kwa vyombo vya sauti vya nyumbani, hasa redio, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga na katika ufuko wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Swali la msingi ni iwapo transista, ilipochukua nafasi ya vali, ilikifanya chombo cha nyumbani kitegemeke zaidi, na kama ndivyo, kwa sababu ipi. Hoja inayotetewa ni kwamba ushindi wa transista katika eneo hili haukuletwa kwanza na uhai mrefu wa transista yenyewe, bali na betri ya tochi iliyoiendesha. Kutokana na hoja hiyo, insha inapendekeza kwamba mwanahistoria atofautishe kati ya kuwapo kwa redio na kusikika kwa redio.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayohusu Tanzania ya baada ya uhuru, redio hutajwa kana kwamba ni mdomo usiochoka. Husemwa kwamba wananchi walilisikia Azimio la Arusha la mwaka 1967 kupitia redio, kwamba walihamasishwa na kampeni za elimu ya watu wazima kupitia redio, na kwamba walipata habari za vita vya Kagera kupitia redio. Kauli hizo si za uongo. Hata hivyo, zinaruka hatua moja. Kati ya mtambo wa kurushia matangazo uliokuwa Dar es Salaam na sikio la mkulima wa Litembo au mvuvi wa Liuli kulikuwa na kisanduku kidogo, nacho kiliweza kunyamaza. Kama kilinyamaza mara nyingi, basi sehemu ya historia tunayoisimulia haikusikika pale tunapodhani ilisikika.

Eneo la utafiti linafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa sababu linaunganisha mazingira mawili yaliyo tofauti sana ndani ya umbali mfupi. Juu kuna milima ya Wamatengo, yenye ubaridi, ukungu na kilimo cha ngoro, ambako zao la fedha ni kahawa. Chini kuna ufuko wa ziwa, kwenye mwinuko wa karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, wenye joto na unyevu, ambako Wanyasa, Wampoto na Wamanda huishi kwa uvuvi na kilimo cha mihogo na mpunga. Tangu mwaka 2012 ufuko huo umekuwa wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay. Kwa sehemu kubwa ya kipindi kinachojadiliwa, hata hivyo, maeneo yote mawili yalikuwa chini ya utawala mmoja, kwanza wa Songea na baadaye wa Mbinga.

2.0 Uimara na Kutegemeka

Ni muhimu kutenganisha dhana mbili ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Uimara, katika insha hii, ni muda ambao sehemu ya chombo hudumu kabla ya kuharibika. Kutegemeka ni jambo pana zaidi: ni uwezekano kwamba mwenye redio anapozungusha kitufe saa ya taarifa ya habari, sauti itatoka. Chombo chenye sehemu imara kinaweza kukosa kutegemeka ikiwa hakina nishati. Vilevile, chombo chenye sehemu dhaifu kinaweza kutegemeka ikiwa sehemu hizo hubadilishwa kwa urahisi na kwa bei nafuu.

Kwa hiyo vigezo vitatu vinatumika hapa: uhai wa sehemu, urahisi wa kuitengeneza, na upatikanaji wa nishati. Ubishi wa kawaida kuhusu vali na transista, ambao bado unaendelea miongoni mwa wapenzi wa muziki katika nchi zenye umeme wa uhakika, hujikita katika kigezo cha kwanza. Insha hii inaonesha kwamba huko Mbinga kigezo cha tatu kilikuwa na uzito kuliko viwili vya kwanza.

3.0 Enzi ya Vali

Vali ni balbu ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake waya mwembamba hupashwa moto ili utoe elektroni, na elektroni hizo huvutwa na bamba lenye volti kubwa. Kutokana na utaratibu huo, redio ya vali ya kutumia betri ilihitaji nishati ya aina mbili kwa wakati mmoja: volti ndogo, takriban 1.4, ya kupasha moto nyuzi. Na volti kubwa, aghalabu 90, ya kuvuta elektroni.

Redio ya vali iliyolengwa kwa makusudi kwa msikilizaji wa kijijini katika ukanda huu ilitoka upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilianza kutengeneza redio ya vali nne kwa msukumo wa Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini. Gamba lake lilikuwa sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, na ndiyo maana ikaitwa redio ya sufuria. Iliuzwa kwa pauni 5, na betri yake kwa pauni moja na shilingi tano. Betri hiyo ilikadiriwa kudumu saa 300. Kituo cha Lusaka kilichosikilizwa kwa redio hiyo kilitangaza kwa lugha kadhaa za Kiafrika, mojawapo ikiwa Kinyanja, lugha inayoeleweka katika sehemu ya ufuko wa Tanganyika. Kwa upande wa Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaanza kazi mwaka 1956.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Msikilizaji wa saa tatu kwa siku angemaliza saa 300 kwa siku 100. Maana yake ni kwamba kwa mwaka angehitaji betri tatu hadi nne, ambazo gharama yake ingekaribia bei ya redio yenyewe. Zaidi ya hayo, betri ya volti 90 haikuwa na kazi nyingine yoyote nyumbani. Mwenye duka wa kijijini angeiagiza kwa ajili ya wateja wachache tu, na kama ingekaa sana rafuni ingekufa kabla ya kuuzwa. Redio ya vali, kwa hiyo, ilining'inia kwenye uzi mmoja, na uzi huo ulikuwa mrefu.

Vali zenyewe hazikuwa dhaifu kama inavyodhaniwa. Zilichoka polepole, zikipoteza nguvu ya kutoa elektroni, na mwenye redio alipata onyo kwa kusikia sauti ikififia. Vali iliyokufa ilichomolewa na nyingine kuchomekwa bila lehemu. Hatari kubwa ilikuwa kosa la mkono: aliyeunganisha volti 90 mahali pa volti 1.4 aliunguza nyuzi zote kwa nukta moja. Hatari nyingine ilikuwa usafiri, kwa maana kioo kilichobebwa kwenye lori kutoka Songea, umbali wa takriban kilomita 100 hadi Mbinga, au kwenye mtumbwi kutoka gati moja hadi jingine, hakikuwa na dhamana ya kufika.

Kundi pekee lililoweza kutumia vali kwa utulivu lilikuwa lile lenye umeme wake lenyewe, hususani vituo vikubwa vya misheni. Hapo redio na gramafoni za vali za kutumia umeme zingeweza kudumu miaka mingi, kwani kulikuwa na jenereta, karakana na njia ya kuagiza vipuri. Tofauti kati ya sebule ya misheni na nyumba ya mkulima haikuwa tofauti ya vali na vali. Ilikuwa tofauti ya kilichokuwa nyuma ya vali.

4.0 Ujio wa Transista

Transista ya kwanza ilioneshwa katika maabara za Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947. Redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954 na Japani mwaka 1955. Katika muongo wa 1960 zilienea Afrika Mashariki, na viwanda vya ndani vikafuata. Kampuni ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, kikitengeneza betri na redio zenye jina la National. Philips nayo iliunganisha redio Arusha. Si bahati kwamba kiwanda kimoja kiliunganisha bidhaa hizo mbili. Mtengenezaji alielewa kwamba redio isiyo na betri ni sanduku.

Transista haina uzi wa kupasha moto. Kwa hiyo volti ndogo ya nyuzi iliondoka, na volti kubwa ya 90 nayo ikaondoka, kwa kuwa transista hufanya kazi kwa volti 6 au 9. Betri nne kubwa za volti 1.5, zilezile za tochi, zilitosha. Hapa ndipo mabadiliko halisi yalipotokea. Betri ya tochi ilikuwa tayari inauzwa katika kila duka lililouza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mvuvi wa usiku aliihitaji. Mama anayekwenda kumtazama mgonjwa usiku aliihitaji. Redio ikaingia katika mkondo wa bidhaa uliokuwapo kabla yake.

Kulikuwa na faida ya pili, ambayo maandishi ya kiufundi huitaja kwa nadra. Betri za tochi zilinunuliwa mojamoja. Asiye na fedha za betri nne alinunua mbili, akazichanganya na mbili za zamani, akasikia habari kwa wiki nyingine. Betri zilizochoka zilianikwa juani, desturi inayofahamika nchini kote. Desturi hiyo ina msingi wa kikemia, kwani joto huharakisha mmenyuko ndani ya betri na kuirudishia nguvu kidogo kwa muda mfupi. Betri ya volti 90 haikumruhusu mnyonge kujadiliana nayo namna hiyo. Ilikuwa nzima au haikuwapo.

Transista nayo ilikuwa na udhaifu wake. Zile za mwanzo zilitengenezwa kwa jerimani, madini yanayoathiriwa na joto: kadiri joto linavyopanda, ndivyo mkondo usiotakiwa unavyovuja, na sauti hupinda au hukatika. Transista za silikoni, zilizozitoa za jerimani sokoni hatua kwa hatua, zilipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Pia transista ililehemiwa kwenye bodi. Mwenye redio hakuweza tena kuchomoa na kuchomeka. Ndipo fundi redio, mwenye chuma cha lehemu kilichopashwa kwenye jiko la mkaa, alipokuwa mtu muhimu wa soko la mji mdogo.

5.0 Mlima na Ufuko

Ulinganisho wa sehemu mbili za eneo hili unaonesha kwamba chombo kilekile kilikuwa na maisha mawili. Milimani, ubaridi uliifaa transista ya jerimani, lakini ukungu na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zilileta kutu kwenye springi za betri na kwenye vitufe. Fedha ilipatikana kwa msimu, baada ya kahawa kuvunwa na kulipwa kupitia ushirika. Ni busara kukadiria kwamba redio nyingi zilisikika vizuri zaidi katika miezi iliyofuata malipo, na kwamba zilinyamaza katika miezi ya njaa kabla ya mavuno. Redio haikuwa imeharibika; ilikuwa inasubiri kahawa.

Ufukoni hali iligeuka. Fedha ya samaki, hasa usipa wanaoanikwa mchangani, ilikuja kidogokidogo karibu mwaka mzima, nayo ililingana na ununuzi wa betri mojamoja. Kwa upande mwingine, joto la Oktoba na Novemba liliielemea jerimani, na unyevu ulilegeza karatasi ya spika. Barabara ilikuwa mbovu kwa miongo mingi, na bidhaa zilitegemea meli iliyotoka Itungi, upande wa Kyela, ikapitia Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Meli ilipochelewa, betri zilichelewa. Ufukoni pia kulikuwa na jambo la siasa. Mgogoro wa mpaka wa ziwa kati ya Tanzania na Malawi ulipopamba moto mwaka 1967 na 1968, msikilizaji wa ufukoni alikuwa na sababu ya kutafuta kwenye masafa mafupi sauti za pande zote mbili. Kwake, redio inayonyamaza haikuwa hasara ya burudani pekee.

6.0 Ushahidi wa Redio Moja

Kwa kuwa takwimu huhesabu redio zilizopo na si zinazosikika, chombo chenyewe ni shahidi anayestahili kuulizwa. Mtafiti alizaliwa milimani, na nyumbani kwa babu yake kulikuwa na redio ya transista saba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa kumbukumbu ya familia, redio hiyo "ilikufa" mwishoni mwa miaka ya 1980, ikahifadhiwa juu ya dari kwa heshima ya mwenyewe. Mtafiti aliifungua akisaidiwa na fundi mzoefu wa mjini.

Matokeo yalikuwa ya wazi. Transista zote saba zilikuwa nzima. Springi mbili za betri zilikuwa zimeliwa na majimaji ya betri zilizoachwa ndani. Waya wa spika ulikuwa umekatika kwenye lehemu. Kitufe cha sauti kilikuwa kimesagika, na kapasita mbili za kemikali zilikuwa zimekauka. Hakuna hata kasoro moja kati ya hizo inayohusu transista. Kapasita, springi, waya na spika vimo pia katika redio ya vali, na huharibika kwa namna inayofanana. Baada ya matengenezo ya saa mbili, yaliyogharimu chini ya bei ya kilo moja ya sukari, redio ilizungumza.

Chombo kimoja hakitoshi kujenga kanuni. Hata hivyo, kinaonesha kosa la kimantiki katika ubishi wa vali na transista: sifa au lawama hupewa kiungo kilicho maarufu, ilhali chombo hufa kwa viungo visivyo na jina. Familia iliamini kwa zaidi ya miaka 30 kwamba redio ya babu imekufa. Ilikuwa imekatika waya na kukosa springi.

7.0 Redio na Dola: 1973 hadi 1984

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kipindi cha redio na kitabu. Kwa kawaida kitabu hicho huelezwa kama nyenzo ya kisomo. Insha hii inapendekeza kukiona pia kama kinga dhidi ya ukimya: kikundi ambacho redio yake ilikosa betri kiliweza kusoma na kujadili. Mafanikio ya kampeni, kwa hiyo, hayawezi kuhesabiwa yote kwa upande wa redio. Redio kumi zilizokufa katika kata moja hazikuua kampeni, kwa kuwa kampeni haikusimama kwa mguu mmoja.

Hali ilikuwa ngumu zaidi baada ya vita vya 1978 na 1979. Upungufu wa fedha za kigeni uliadimisha bidhaa za kawaida, betri zikiwamo, hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Katika kipindi hicho faida kuu ya transista iligeuzwa kichwa chini. Betri ya tochi, iliyokuwa nguvu yake kwa sababu ilipatikana kila mahali, sasa haikupatikana popote, na tochi na redio vikazimika pamoja. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, maduka yalianza kujaa tena, na radio kaseti zikaingia majumbani kwa wingi. Kipindi hiki ni jaribio la kihistoria lisilopangwa: chombo kilikuwa kilekile, transista zilezile, lakini kutegemeka kulishuka na kupanda kulingana na duka. Ushahidi huu ndio unaoibeba hoja ya insha kwa nguvu kuliko mwingine.

8.0 Umeme wa Gridi na Sabufa

Kabla ya njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea kuanza kazi mwaka 2018, mkoa wa Ruvuma ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukitegemea jenereta za dizeli na mitambo midogo ya maji. Umeme wa gridi ulipofika, pamoja na lami hadi Mbamba Bay miaka michache baadaye, nyumba nyingi ziliiweka kando redio ndogo na kununua sabufa. Ndani ya sabufa transista nyingi zimejazwa kwenye kipande kimoja kidogo. Uhai wa kila transista ni mrefu kuliko wakati wowote uliopita, lakini umeme unapopanda ghafla, kipande chote huungua mara moja. Vali, yenye kuvumilia kishindo kifupi cha volti, ingeweza kunusurika. Fundi wa leo hatafuti transista iliyokufa. Hubadilisha bodi nzima, au humshauri mteja anunue nyingine. Uimara wa sehemu umepanda, na kutengenezeka kumeshuka.

9.0 Hitimisho

Insha imeonesha mambo matatu. Kwanza, transista ilitegemeka zaidi ya vali huko Mbinga na ufukoni, na faida hiyo ilitoka hasa katika nishati: betri ndogo, ya bei ndogo, inayouzwa mojamoja na yenye kazi nyingine nyumbani. Pili, faida hiyo haikuwa mali ya transista peke yake. Miaka ya mwanzo ya 1980 inathibitisha kwamba ilipotea mara tu mkondo wa bidhaa ulipokatika. Tatu, chombo hicho hicho kilitegemeka kwa viwango tofauti mlimani na ufukoni, na katika miezi tofauti ya mwaka.

Kwa mwanahistoria, matokeo haya yana madai. Anayeandika kwamba wananchi wa Ruvuma walisikia jambo fulani redioni mwezi wa Februari hana budi kujiuliza kama kahawa ilikuwa imelipwa, kama meli ilikuwa imefika, na kama duka lilikuwa na betri. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu vitabu vya hesabu vya maduka ya vijijini na daftari za mafundi redio, kabla havijachomwa kama takataka. Redio nyingi zinazodhaniwa kufa bado ziko juu ya dari. Nyingi hazijawahi kuulizwa kilichoziua.